Kabati la Zamani na Kazi Iliyofichwa Chini ya Rangi

Katika nyumba nyingi za Amagoro kabati la vyombo halifi, huhamishwa tu. Huanza maisha sebuleni, vikombe vya wageni vikionekana kupitia kioo. Kioo kikivunjika, linapelekwa jikoni. Mlango ukilegea, linasukumwa ghalani kuweka mbegu na majembe, na likizidi kuchoka, kuku hulipenda kwa kutagia kwenye droo ya chini.

Kopo la rangi la lita moja, karatasi chache za msasa na wiki moja ya subira vinatosha kulirudisha kabati hilo sebuleni, liwe la kijani, la samawati au jeupe pe. Vinatosha pia kuliharibu kabisa. Tofauti haitokani na rangi iliyochaguliwa dukani. Inatokana na saa ambazo mgeni hatazijua kamwe: kuosha, kukwangua, kuziba, kusugua. Fundi mzuri anaweza kumaliza siku tatu akiandaa na asubuhi mbili tu akipaka. Fundi mbaya huanza na brashi.

Amagoro iko Teso Kaskazini, Kaunti ya Busia, kando ya barabara kuu inayotoka Mombasa hadi mpakani Malaba. Kusini kuna mpaka mwingine, Busia. Kupitia vituo hivyo viwili huingia mbao nyingi kutoka Uganda na mashariki mwa Kongo, na ndiyo maana karakana za maseremala hazikosekani pande hizi. Hata hivyo mbao si rahisi kama zamani. Februari 2018 serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii, kwanza kwa siku 90, kisha marufuku ikaongezwa tena na tena. Julai 2023 Rais William Ruto alitangaza kuiondoa, na suala hilo likafika mahakamani. Tayari mwaka 2015, Kenya, Uganda, Tanzania, Msumbiji na Madagaska zilikuwa zimetia saini Azimio la Zanzibar dhidi ya biashara haramu ya mbao. Kwa mwenye nyumba hesabu ni nyepesi: mti ambao babu aliukata na kuutengeneza kabati si rahisi kuupata tena sokoni, na ukipatikana utalipiwa.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua kabati lenyewe ni la mti gani.

Mafundi wa huku hutazama mgongoni mwa kabati au chini ya droo, mahali ambapo vanishi haikufika. Mbao nyepesi, ya manjano hafifu, yenye vinundu vya duara na harufu kidogo ya utomvu, ni saiprasi. Nzito yenye wekundu, iliyopasuka nyufa ndefu kwenye ncha, huenda ikawa mkaratusi, mti uliojaa mashambani magharibi mwa Kenya na usiopenda kutulia: huendelea kujipinda hata baada ya kuwa meza. Kabati la miaka ya karibuni likifunuliwa kona mara nyingi huonyesha chipbodi, yaani chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi na kufunikwa karatasi yenye michoro ya mbao. Na mara mojamoja, hasa kwenye kabati lililorithiwa, hutokea mvule.

Mvule ni habari nyingine. Ukiwa mbichi una rangi ya dhahabu, ukizeeka unakuwa wa kahawia iliyokolea. Mchwa hawaupendi. Ndani yake hujificha vijiwe vyeupe vya chokaa ambavyo mti hujitengenezea wenyewe, na seremala aliyewahi kung'oa meno ya msumeno kwenye kijiwe hicho hahitaji kuelezwa. Vumbi lake huwasha pua na ngozi. Zaidi ya hayo, kemikali zake za asili huchelewesha ukaukaji wa vanishi na rangi za mafuta, kiasi kwamba kabati la mvule lililopakwa haraka linaweza kubaki likinata kwa siku nyingi.

Je, mvule upakwe rangi? Makala haya yana upande: hapana, isipokuwa kuna sababu. Kabati la mvule lililochubuka linataka kusuguliwa, kufutwa vumbi na kupewa vanishi mpya inayoonyesha nyuzi zake. Kulifunika kwa rangi nyeupe kwa sababu tu picha fulani ya simu ilionyesha sebule nyeupe ni hasara ambayo mjukuu atailipia, maana kuitoa rangi hiyo kwenye vinyweleo vya mbao ni kazi ngumu kuliko kuipaka. Lakini sababu zipo: mbao iliyounguzwa na pasi, kabati lililotiwa kiraka cha mti mwingine, au mlango ulioliwa ukabadilishwa na plaiwudi. Hapo rangi inaunganisha visivyofanana. Saiprasi, mkaratusi na chipbodi, kwa upande wao, hawana cha kulalamikia. Rangi ni heshima kwao.

Inafaa kujua rangi yenyewe ni kitu gani, maana makosa mengi yanaanzia dukani. Kila rangi ina vitu vitatu: unga unaoipa sura, gundi inayoushika unga huo, na kimiminika kinachovilainisha vyote ili vipakike, kisha kikapotea hewani. Hilo si jambo geni Teso Kaskazini. Katika vilima vya Chelelemuk kuna mwamba wa Kakapel, ambao ni mnara wa kitaifa chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Ubavuni mwake kuna michoro myekundu na myeupe ya ng'ombe na ya maumbo ya kijiometri, ile ya kale kabisa ikinasibishwa na wawindaji wa jamii ya Watwa. Unga wa rangi ulitoka ardhini. Michoro imedumu kwa sababu ilishika mwamba na kwa sababu paa la mwamba linaikinga na mvua. Kushika na kukingwa ndilo tatizo lilelile la mwenye kabati.

Dukani, iwe Malaba ya Kenya au ng'ambo Uganda, makopo yanagawanyika pande mbili. Kuna rangi ya maji, inayopakwa ukutani, na rangi ya mafuta, ambayo wengi huiita glosi. Ya maji hukauka maji yanapotoka na chembe zake kushikana. Ya mafuta hukauka kwa namna ya ajabu kidogo: baada ya kimiminika kuruka, gundi yake huvuta oksijeni hewani na kuwa ngumu polepole. Ndiyo sababu glosi inaweza kuguswa jioni bila kuacha alama ilhali ndani bado ni laini, na itabaki hivyo kwa siku kadhaa.

Rangi ya ukutani ni rahisi, nayo inavutia kwa bei. Lakini ukuta haufungwi na kufunguliwa. Rangi hiyo ni laini. Mlango wa kabati uliopakwa nayo hushikana na fremu yake, ukivutwa unabandua vipande. Ikipakwa moja kwa moja juu ya glosi ya zamani, huambuka kama ganda la kitunguu. Kama mtu hajui kabati lake lilipakwa nini awali, achovye pamba kwenye spiriti ya dukani na kusugua mahali pa kujificha. Rangi ikilainika na kuchafua pamba, ni ya maji. Isipotoka, ni ya mafuta.

Sasa kazi. Tuseme ni kabati la saiprasi la mwaka 1988 hivi, kimo mita 1.8, upana mita 1.2, lililowahi kupakwa vanishi ikageuka nyeusi kwa moshi wa jikoni.

Kwanza linavuliwa. Bisibisi inatoa bawaba, vishikio na vitasa, na kila skrubu inawekwa kwenye kikopo pamoja na kitu chake. Fundi anayepaka rangi juu ya bawaba anajulikana kwa mlango unaolia kama mbuzi. Halafu linaoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya unga, hasa pale mikono ilipokuwa ikishika na pale mvuke wa sufuria ulipokuwa ukipiga. Mafuta ya kupikia ni adui mkubwa wa rangi kuliko uzee. Mtu akiruka hatua hii na kuanza kusugua kwa msasa, anayasukuma mafuta ndani ya mbao na rangi itakataa kushika hapohapo, ikiacha vidoa vidogo vya duara kama macho ya samaki.

Likishakauka linakaguliwa kwa ajili ya wadudu. Vitundu vidogo vya duara vyenye unga mweupe chini yake ni kazi ya bungua. Unga ukiwa mkavu na wa kale, huenda waliokuwamo wameshaondoka. Unga mpya ukionekana kila asubuhi, bado wapo, na kupaka rangi ni kuwajengea nyumba nzuri zaidi. Dawa ya mbao huingizwa kwenye vitundu kwa sindano, kabati likiwa nje, na kazi ya rangi inasubiri.

Nyufa na mashimo ya misumari huzibwa. Duka huuza filla ya mbao, lakini karakana nyingi bado hutumia njia ya zamani: vumbi laini lililoanguka chini ya msumeno, linalochanganywa na gundi nyeupe ya mbao hadi liwe kama uji mzito. Linasukumwa ndani ya ufa kwa kisu butu na kuachwa likiwa limefura kidogo juu ya uso wa mbao, maana hunywea likikauka.

Kisha msasa. Nambari nyuma ya karatasi inaeleza wingi wa chembe: ndogo ni kali, kubwa ni laini. Nambari 80 hukwangua vanishi iliyoganda, 120 hufuta mikwaruzo ya 80, na 240 hutumika kati ya koti moja la rangi na jingine. Mkono hufuata nyuzi za mbao, si kuzikata. Si lazima vanishi yote itoke. Kinachotakiwa ni uso usiong'aa, wenye ukavu wa chaki ukipitishiwa vidole. Mahali panapong'aa bado ni mahali rangi itakapoteleza. Wengi huchoka upande wa pili wa kabati, na bahati mbaya upande wa pili ndio unaotazama mlango wa kuingilia.

Hapa kuna onyo lisilopaswa kupita haraka. Kabati, kitanda cha mtoto au kiti kilichopakwa glosi ya manjano, nyekundu au kijani miaka mingi iliyopita kinaweza kuwa na madini ya risasi. Rangi hizo zilipendwa kwa kung'aa na kudumu, na risasi ndiyo iliyosaidia. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na ubongo wa mtoto ndio unaoumia zaidi. Viwango vya sasa vya Afrika Mashariki vinataka rangi isizidi sehemu 90 za risasi kwa kila sehemu milioni, na alama ya shirika la viwango, KEBS upande wa Kenya au UNBS upande wa Uganda, ndiyo ya kutafuta kwenye kopo. Lakini alama ya leo haiondoi rangi ya jana. Samani ya aina hiyo isisuguliwe kavu. Hutumika msasa wa maji, uso ukiwa umeloweshwa ili vumbi lisiruke, fundi akiwa amefunika pua kwa barakoa inayofaa, na watoto wakiwa mbali hadi sakafu ifutwe kwa kitambaa kibichi. Kuichoma rangi ya zamani kwa moto ili ibanduke ni kuipandisha risasi hewani.

Baada ya msasa na kitambaa cha kufuta vumbi huja praima au andakoti. Wateja hulipinga koti hili kwa sababu haliongezi uzuri wowote: ni jeupe lililopauka, lina michirizi, na kabati linaonekana baya kuliko lilivyokuja. Kazi yake ni kushika mbao kwa chini na kushikwa na rangi kwa juu. Kwenye saiprasi lina kazi nyingine pia. Vile vinundu vya duara vina utomvu, na utomvu hupenya rangi nyeupe baada ya miezi na kuacha madoa ya kahawia. Dawa yake ya kale ni shelaki, utomvu unaotengenezwa na wadudu wa Asia ya Kusini na ambao huyeyushwa kwa spiriti. Koti mbili za shelaki juu ya kinundu huufungia utomvu ndani.

Rangi yenyewe sasa ni jambo dogo. Kabati la kipimo hiki lina mita za mraba zisizofika 5 kwa mbele, ubavuni na juu, na lita moja ya glosi hufunika kati ya 10 na 12. Koti mbili zinatosha, bado inabaki ya miguu. Koti nyembamba mbili hushinda nene moja kila siku. Nene huteremka machozi kwenye pembe na kukunjamana juu kwa kuwa ngozi imekauka kabla ya ndani. Milango mipana hupendeza kwa rola ndogo ya sponji, pembe na nakshi kwa brashi.

Halafu kuna hali ya hewa, ambayo haipatikani kwenye maelezo ya kopo lililotengenezwa Nairobi. Ukanda huu wa karibu na Ziwa Viktoria hupata mvua misimu miwili, na mara nyingi hunyesha alasiri. Asubuhi kuna umande. Dirisha la kufanya kazi ni kuanzia umande unapokauka hadi mchana, ndani ya kivuli, kwa sababu jua kali hukausha uso haraka na kuacha malengelenge. Vanishi ya kupulizia kwa kompresa ikikutana na hewa yenye unyevu hugeuka na kuwa na ukungu mweupe. Karakana zilizo kando ya barabara ya Malaba zina shida ya ziada: malori. Foleni ya matrela ikisogea, vumbi huinuka, na glosi mbichi hulikamata lote. Fundi mwerevu hupaka nyuma ya karakana, baada ya kumwagia maji ardhi inayozunguka kabati.

Si kila mtu anataka mng'aro. Mwaka 1990 Mwingereza Annie Sloan alitengeneza rangi aliyoiita ya chaki, isiyong'aa, inayoshika samani bila msasa mwingi na kumaliziwa kwa nta. Imeenea duniani, na wengi hujichanganyia yao kwa rangi ya maji na unga wa jasi au wa chokaa. Inapendeza kwenye meza ndogo ya kitandani. Kwa meza ya chakula inayofutwa ugali mara tatu kwa siku, nta haitoshi. Inahitaji vanishi juu.

Wanaosema rangi kali haifai samani wamesahau pwani na Dar es Salaam. Mafundi wa Lamu walikereza miguu ya vitanda na kuipaka laki nyekundu, nyeusi na ya manjano. Na mchoraji Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia rangi ya mafuta ya aina inayopakwa baiskeli na nyumba, juu ya mbao za kutengenezea dari. Leo wafuasi wake huchora ndege na twiga juu ya stuli na sinia kwa rangi hiyohiyo iliyo kwenye kopo la glosi Malaba. Stuli tatu za zamani zilizopakwa kila moja rangi yake zinaweza kuchangamsha sebule ambayo makochi yake yamefunikwa vitambaa vyeupe vya kufuma. Tahadhari ndogo kwa wapenda glosi nyeupe: ikikaa gizani hugeuka manjano. Sebule ambayo mapazia hayafunguliwi ingefaa zaidi rangi nyingine.

Mwenye kabati asiyejipakia mwenyewe anaweza kulinda pesa zake kwa kupita karakanani mara mbili tu. Safari ya kwanza iwe kabla ya andakoti, apitishe kiganja kwenye ubavu wa kabati na ndani ya nakshi kuona kama msasa ulifika. Ya pili iwe kabla ya koti la mwisho. Maswali ya heshima kama "Fundi, hii umeipiga andakoti?" hujibiwa vizuri zaidi kazi ikiwa mbele ya macho kuliko wakati bei ya mwisho inadaiwa. Na makubaliano yataje idadi ya koti, si rangi pekee.

Thina iliyosafishia brashi haimwagwi mtaroni. Ikiachwa kwenye chupa ya kioo iliyofungwa, uchafu hushuka chini na ya juu hutumika tena. Brashi zisafishwe mbali na jiko la makaa, kwani mvuke wa thina hushika moto. Vitambaa vilivyofutia mafuta ya kitani ni hatari zaidi: vikirundikwa hujipasha joto vyenyewe hadi vikawaka, kwa hiyo vitandazwe nje vikauke kimoja kimoja.

Kabati likirudi nyumbani, milango iachwe wazi kidogo kwa siku kadhaa. Vyombo visubiri wiki mbili. Redio na televisheni zenye vijiguu vya mpira zisubiri zaidi, au ziwekewe kitambaa chini, kwa sababu mpira hushikana na glosi changa na kuacha alama nne zisizofutika. Kabati lenyewe lisogezwe mbali kidogo na ukuta, hasa nyumba ya udongo au ya matofali mabichi, kwa sababu unyevu wa mvua ya Aprili huingia kupitia mgongo ambao hakuna aliyekumbuka kuupaka.